Mafundi wa Kijerumani Kisichokuwepo

Umeme umekatika na unashuka ngazi gizani kwa kuhesabu. Unaamini kimebaki kidato kimoja, kumbe umeshafika chini. Mguu unashuka na uzito wote kutafuta kidato ambacho hakipo, unapiga sakafu kwa kishindo, meno yanagongana, moyo unalipuka. Hujaumia, na baada ya nukta mbili tatu umeshasahau. Watu wamepatwa na jambo hili tangu ngazi zianze kujengwa. Mwaka 2013 Mwingereza Ben Schott aliona linastahili jina lake lenyewe, akaliita Leertretung.

Schott alitunga maneno 120 ya namna hiyo na kuyatia katika kitabu alichokiita Schottenfreude, akichezea jina lake na neno Schadenfreude, ile furaha ya kuona mwenzako kapatikana. Kila neno ni la hali fulani ndogo ambayo wengi wetu tunaijua na hatujui tuisemeje. Kwa asiyejua Kijerumani, kitabu kinaonekana kuwa mkusanyiko wa milio mirefu mirefu. Anayekijua kidogo anaanza kuuona ufundi, na kadiri anavyokijua ndivyo anavyozidi kuvutiwa.

Tulichukue hilohilo la ngazi. Leer ni tupu. Treten ni kukanyaga. Kiambishi -ung hugeuza kitenzi kuwa nomino, kwa hiyo tunapata ukanyagaji wa patupu. Hadi hapo mtu yeyote mwenye kamusi angefika. Lakini Mjerumani akisikia -tretung, kichwani mwake yanaitikia maneno mengine: Vertretung, uwakilishi, Abtretung, kumhamishia mtu haki au mali, Übertretung, kuvunja sheria. Ni maneno ya mikataba, ya mawakili, ya fomu zenye mihuri. Schott amelichukua tukio la nusu nukta, la mtu mwenye kandambili aliyepoteza hesabu gizani, akalivika joho la mahakamani. Kicheko kinatoka kwenye tofauti kati ya udogo wa jambo na uzito wa jina, na tofauti hiyo asingeipata kama asingejua -tretung imezoea kukaa ofisi gani.

Lingine ninalolipenda hata zaidi ni Betttrug. Ni lile bumbuwazi la kuamka katika kitanda cha ugenini, ukaanza kuutafuta mlango upande ambao kuna ukuta. Bett ni kitanda, Trug ni hadaa. Liangalie lilivyoandikwa: t tatu mfululizo. Tahajia ya Kijerumani haiibi herufi pale maneno mawili yanapokutana, kwa hiyo t mbili za Bett na moja ya Trug zote zimebaki mahali pake. Sasa zipunguze hadi ibaki moja. Unapata Betrug, neno la kawaida kabisa la utapeli, lile linaloandikwa kwenye hati za mashitaka. Kwenye kutamka, Betrug hukazwa silabi ya pili, na neno la Schott, kama ilivyo desturi ya maneno ambatani ya Kijerumani, hukazwa kipande cha kwanza. Utapeli umefichwa ndani ya kitanda, na ili kuufichua inabidi uondoe herufi mbili na kuusogeza mkazo. Neno la silabi mbili limebeba yote hayo na bado linatamkika kwa pumzi moja.

Kwa nini Kijerumani, na si lugha nyingine? Kiitaliano kina muziki zaidi, na Kifini nacho kina maneno marefu. Nadhani jibu limo katika mpangilio. Kiswahili kikiunganisha maneno huanza na kitu chenyewe: mfanyabiashara ni mtu tangu silabi ya kwanza, kipazasauti ni chombo, sheria ya ndoa ni sheria. Yanayofuata yanafafanua tu. Kijerumani hutanguliza ufafanuzi na kukiweka kitu chenyewe mwisho kabisa. Haus ni nyumba. Haustür ni mlango wa nyumba. Haustürschlüssel ni ufunguo wa mlango wa nyumba. Ukiwa umesikia nusu tu, hujajua bado unaambiwa habari za nini. Inabidi uvumilie na kuvibeba vipande vyote hadi cha mwisho kije kukupa jibu. Msimulizi yeyote wa vichekesho hufanya hivyohivyo, hulificha jambo lenyewe hadi mwisho. Kwa hiyo neno ambatani la Kijerumani lina umbo la kichekesho hata likiwa kwenye hati ya serikali.

Na hati za serikali zenyewe ni ushahidi. Mwaka 1999, Ulaya ikiwa bado na hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, jimbo la Mecklenburg-Vorpommern, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, lilileta muswada wa sheria ulioitwa Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Herufi 63. Nyama ilitakiwa iwe na lebo inayoonyesha ilikotoka, lebo zikahitaji wa kuzisimamia, na msimamizi akahitaji sheria ya kumkabidhi kazi hiyo. Ukitaka kulisema kwa Kiswahili unalazimika kuanzia mkiani: sheria ya kukabidhi majukumu ya usimamizi wa uwekaji lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Waliolitunga walikuwa kazini, hawakukusudia kumchekesha mtu. Sheria ilifutwa mwaka 2013, na magazeti ya nchi nyingi yakaandika habari za kufa kwa neno lake.

Nimelitaja kwa sababu ya herufi moja. Lisome tena polepole: etikettierungs, überwachungs, übertragungs. Hiyo s inayorudi baada ya kila -ung haina maana yoyote. Ni sauti ya kuunganishia tu. Baada ya -ung, -heit, -keit na -schaft haikosekani. Kwingineko huja n, au en, au er, au hakiji kitu. Mjerumani huiweka mahali pake bila kufikiri, na kama mbunifu wa maneno ya uongo akiisahau, neno linavunjika papo hapo, hata kama vipande vyake vyote ni halali. Fundi hujulikana kwa mambo ya kiasi hicho.

Mfano mzuri ni Tageslichtspielschock, neno la Schott kwa mtu anayetoka kwenye giza la sinema wakati wa mchana na kupigwa na jua usoni. Tageslicht, mwanga wa mchana, ni neno halisi la kila siku, na lina es yake ya kuunganishia baada ya Tag. Lichtspiel, mchezo wa mwanga, ni jina la zamani la sinema, ambalo bado unaweza kulikuta kwenye majengo ya kale ya maonyesho. Schock ni mshtuko. Schott ameyabananisha Tageslicht na Lichtspiel hadi Licht moja ikafanya kazi mbili: kwa upande wa kushoto ni mwanga wa jua, kwa upande wa kulia ni mwanga wa pazia la sinema. Mianga miwili iliyogongana machoni mwa mtu yule mlangoni imegongana pia ndani ya neno lake.

Anayefanya kazi hii kwa kalamu ana muda wa kufungua kamusi. Sid Caesar hakuwa na kamusi wala muda. Alizaliwa mwaka 1922 huko Yonkers, jirani na jiji la New York, wazazi wake wakiwa Wayahudi wahamiaji waliokuwa na mkahawa. Wateja walikuwa wafanyakazi waliotoka pande mbalimbali za Ulaya, na walikaa meza kwa meza kufuatana na lugha zao: Waitaliano hapa, Wapolandi pale, Warusi kule, na Wajerumani pao. Mtoto alipita katikati yao akisikiliza. Akajifunza kuwarudishia milio yao bila kujua maana yake; meza moja ikishacheka, anahamia nyingine. Baadaye alisomea saksafoni na kuipiga kwa malipo kabla hajawa mchekeshaji. Ukimsikiliza unasadiki kwamba alikisikia Kijerumani kwa sikio la mpigaji: pale sauti inapopanda, inaposhuka, inapovuta pumzi. Watoto wa Mombasa na Dar es Salaam waliokulia kwenye filamu za Kihindi wanaijua njia hiyo, kwani wapo walioweza kuimba wimbo mzima bila kuelewa neno, na asiye Mhindi akasadiki.

Kuanzia mwaka 1950 hadi 1954 Caesar aliongoza Your Show of Shows, kipindi cha televisheni ya NBC kilichorushwa moja kwa moja Jumamosi usiku kwa dakika 90, bila nafasi ya kurudia lililoharibika. Katika michezo yake ya miaka hiyo ya 1950, unaokumbukwa sana ni ule wa jenerali wa Kijerumani. Jenerali yuko chumbani na mtumishi wake, aliyechezwa na Howard Morris, mtu mfupi mwenye haraka. Anavishwa. Koti linapigwa brashi, nishani zinabandikwa, na kwa kila hatua jenerali anakemea, anang'aka, ananung'unika, analainika ghafla, anang'aka tena, yote kwa Kijerumani ambacho hakuna Mjerumani aliyewahi kukizungumza. Fuatilia sentensi moja tu. Inaanza chini, inajikusanya, inapanda kupitia vipande vitatu vinne vinavyofanana na maneno, kisha inafungwa kwa mlio mmoja mkali mahali ambapo Mjerumani angekiweka kitenzi chake. Katikati anatupia neno ambalo Mmarekani yeyote angelitambua, ili msikilizaji asipotee. Akiyatupia mengi, inageuka kuwa Kiingereza chenye lafudhi. Akiyanyima kabisa, inabaki kelele. Kipimo hicho alikuwa nacho mdomoni, mbele ya kamera, kwa kasi ya mazungumzo ya kawaida.

Jenerali akishakamilika, anatoka kwa madaha yote, anasimama mlangoni mwa hoteli, anapuliza filimbi kuita teksi. Kumbe ni bawabu. Mchezo wote umejengwa kama neno la Kijerumani: maelezo, maelezo, maelezo, na kitu chenyewe mwisho.

Kabla ya Caesar, Charlie Chaplin alikuwa ameifanya kazi hiyohiyo kwa sababu nzito zaidi. The Great Dictator ilianza kupigwa Septemba 1939, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza Ulaya, ikaonyeshwa Oktoba 1940. Chaplin na Hitler walizaliwa mwezi mmoja, Aprili 1889, wakipishana siku nne. Katika filamu hiyo Chaplin ni Adenoid Hynkel, dikteta wa nchi ya Tomainia, na hotuba yake ya kwanza ni bahari ya Kijerumani cha kubuni. Ndani yake yanaelea majina ya vyakula. Konsonanti za kooni zinakaza hadi zinamtia kikohozi. Hasira inapanda bila sababu na kushuka bila sababu, na vipazasauti vinapinda kumkwepa. Mkalimani naye, kwa sauti tulivu ya redioni, anaifupisha ngurumo ndefu kuwa kauli moja ya adabu. Baadaye Hynkel anamsomea karani barua: akisema maneno mengi, karani anagonga herufi chache, akisema kidogo, mashine inaandika bila kukoma.

Kuna wanaodhani Chaplin aliitania lugha ya Wajerumani. Mimi sioni hivyo. Alimtazama Hitler kwenye filamu za habari na akachukua kile tu ambacho Hitler alikileta mwenyewe: mapigo, mikono, ghadhabu inayojilisha yenyewe. Ukiyaondoa maneno kwenye hotuba ya namna ile, yanabaki hayo, na Chaplin aliyaonyesha yakiwa uchi wakati ambapo mamilioni ya watu walikuwa wakiyashangilia. Halafu mwishoni mwa filamu, kinyozi wa Kiyahudi anayechezwa na Chaplin huyohuyo anasimama mbele ya umati na kuzungumza maneno ya kawaida, yanayoeleweka. Sijui njia nyingine ya kuuonyesha utu wa mtu kwa lugha iliyo wazi kuliko hiyo.

Kazi nyingine kubwa ya fani hii haina jina la mtunzi. Jargon File, kamusi maarufu ya misemo ya wataalamu wa kompyuta, inaeleza kwamba tangazo fulani la utani lilikuwapo IBM angalau tangu mwaka 1955, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa limeshavuka bahari hadi kwenye kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha London. Linaanza kwa Achtung, kama onyo la kweli. Kisha, kwa Kiingereza kilichovishwa miisho ya Kijerumani, linawataka wageni wasiguse kitu, mikono ibaki mfukoni, watulie na kuzitazama taa zikimetameta. Taa zenyewe zinaitwa blinkenlights. Blinken ni kitenzi halisi cha Kijerumani, lakini kwenye neno ambatani Mjerumani angeiacha -en na kusema Blinklichter. Ile -en iliyozidi ndiyo inayomchekesha Mwingereza, kwani kwa sikio lake Kijerumani chote huishia hivyo.

Wajerumani walijibu kwa tangazo lao, la Kiingereza kibovu cha makusudi. Halafu wakafanya zaidi. Mwaka 2001, Chaos Computer Club, chama cha Kijerumani cha wapenzi wa kompyuta, kilikuwa kinatimiza miaka 20. Wakatia taa nyuma ya madirisha 144 ya Haus des Lehrers, jengo refu lililopo Alexanderplatz mjini Berlin, kila dirisha likawa nukta moja ya mwanga, na ukuta mzima ukawa kioo. Mpita njia aliweza kupiga simu na kucheza Pong dhidi ya mwenzake, mpira ukiruka ghorofa hadi ghorofa. Mradi huo waliuita Blinkenlights, pamoja na kosa lake la kisarufi, bila kulisahihisha. Neno lililobuniwa kuwatania lilikuwa limeshawahamia na kukaa kwao.

Wachekeshaji wa Monty Python nao walipita hapa, katika kipindi chao cha kwanza kabisa cha televisheni ya BBC, Oktoba 1969, walipotunga kichekesho kinachoua yeyote anayekisikia na jeshi la Uingereza likakitafsiri kwa Kijerumani ili kukitumia vitani. Tafsiri yenyewe ni upuuzi mtupu, ila ina neno Flipperwaldt. Wald ni msitu. Kuimalizia kwa dt, tahajia ya kizamani inayosalia kwenye majina ya ukoo kama Humboldt na Brandt, ni uamuzi wa mtu aliyewahi kuyatazama maandishi ya Kijerumani kwa makini, kwa kuwa sikioni d hiyo haisikiki kabisa.

Si kila anayejaribu hufika hapo. Kazi ya kivivu inatambulika haraka: neno la Kiingereza, das mbele, -en nyuma, na makelele. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na utani mwingi wa namna hiyo ulioelekezwa kwa wahamiaji wa Kijerumani waliokuwa wakihangaika na Kiingereza, na Charles Godfrey Leland alijipatia jina kubwa kwa mashairi yake ya mhusika Hans Breitmann. Hapo kinachochekwa ni ulimi wa mgeni, na msikilizaji hahitaji kujua chochote kuhusu lugha aliyotoka nayo mgeni huyo. Filamu nyingi za vita nazo zimeizoesha dunia kwamba Kijerumani ni lugha ya kufokeana. Inachosha, kwa sababu inakosa yote yanayoifanya kazi ya Schott au Caesar ifae kurudiwa.

Sisi tulikisikia Kijerumani katika hali nyingine kabisa, chini ya utawala wa kikoloni, na masikio yetu yalibaki na vitu vingine. Schule ikawa shule. Heller, sarafu ndogo iliyoanza kutolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, iliacha r yake njiani ikawa hela, na imeishi kuliko dola iliyoitengeneza.

Sasa niwageukie Wajerumani wenyewe, maana katika fani hii hakuna aliyefika alipofika Michael Ende. Mwaka 1989 alichapisha hadithi ya watoto yenye jina Der satanarchäolügenialkohöllische Wunschpunsch. Wunsch ni matakwa, Punsch ni kinywaji cha pombe na viungo kinachonywewa sana mwisho wa mwaka, na yanavyoimbana kila mtoto anasikia. Ila lile neno la kwanza linahitaji kusomwa kwa kidole. Anza na Satan, shetani. Herufi zake mbili za mwisho, an, ni mwanzo wa anarchisch, yaani yenye machafuko, bila utawala. Arch ya neno hilo ni mwanzo wa archäologisch, ya kiakiolojia. Ikifika zamu ya -log-, Ende anaichomoa na kuingiza Lüge, uongo. Ge ya Lüge ni mwanzo wa genial, yenye kipaji cha ajabu. Al ya genial ni mwanzo wa Alkohol. Na Alkohol inapofikia -hol- irabu inageuka, l inaongezeka, na tayari tumo katika Hölle, jehanamu, na kiambishi -isch kinafunga.

Maneno saba yamepita, na herufi nyingi zimefanya kazi zaidi ya moja. Hii ni njia tofauti na ile ya neno la nyama ya ng'ombe. Pale vipande vimepangwa foleni na s kati yao. Hapa kila kimoja kimeushika mkono wa mwenzake na kuuvuta ndani. Mtoto wa Kijerumani anayelitamka anajiona kama anateleza, hajui lini ametoka kwa shetani na kuingia kwenye machafuko. Na hadithi yenyewe inahusu nini? Mchawi na shangazi yake wanapika kinywaji kinachotimiza matakwa kinyumenyume, ili wakitamka heri mbele za watu, itokee shari. Ukihesabu yale maneno saba, la katikati kabisa, lenye matatu kushoto na matatu kulia, ni uongo. Mtu anaweza kusema imetokea tu. Kwa mwandishi aliyeipanga kila silabi namna ile, mimi naamini alilipima.

Loriot alichagua ufupi. Jina lake halisi ni Vicco von Bülow, aliyezaliwa 1923 na kufariki 2011, na ni miongoni mwa wachekeshaji waliopendwa sana na Wajerumani. Mwaka 1976 alijigeuza kuwa Bernhard Grzimek, yule mtaalamu wa wanyama aliyetengeneza filamu ya Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar, na ambaye mabaki yake yamezikwa ukingoni mwa Ngorongoro kando ya mwanawe Michael, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1959. Nchini mwake Grzimek alikuwa mtu wa televisheni, mpole, mwenye kumleta mnyama studioni na kumweleza kwa subira. Loriot akaiga upole huohuo na kumtambulisha mnyama mpya, Steinlaus: chawa wa mawe, mdudu mdogo anayekula majengo.

Neno lina silabi mbili tu. Stein ni jiwe, Laus ni chawa. Kijerumani kina Kopflaus, chawa wa kichwani, na Blattlaus, kidukari wa majani, kwa hiyo Steinlaus linaingia kwenye ukoo wake bila kubisha hodi. Halina kelele wala mzaha wa wazi, na ndiyo maana liliingia hata mahali pasipoingilika. Pschyrembel, kamusi ya tiba inayotegemewa na madaktari wa Ujerumani, ilimwekea mdudu huyo maelezo katika toleo la mwaka 1983, kwa jina la kisayansi Petrophaga lorioti. Katika toleo la mwaka 1994 akaondolewa. Wasomaji wakalalamika, na toleo la mwaka 1997 likamrudisha, likiwa na maelezo marefu kuliko ya awali.

Watu wa kawaida nao hawakai nyuma. Wakati wa korona, taasisi ya lugha ya Kijerumani iliyoko Mannheim ilikusanya zaidi ya maneno mapya 1,000. Impfneid lilikuwa wivu wa kuona mwenzako amechanjwa kabla yako. Coronafrisur zilikuwa nywele za mtu ambaye kinyozi wake amefungiwa. Yalizuka majikoni, kazini na kwenye simu, yakaeleweka siku ileile, kwa kuwa kanuni za kuyajenga kila mzungumzaji anazo.

Ndiyo maana nalisikitikia neno sitt. Mwaka 1999, wachapishaji wa kamusi ya Duden pamoja na kampuni ya chai ya Lipton waliitisha shindano. Kijerumani kina satt kwa mtu aliyeshiba, lakini hakina neno kwa mtu ambaye kiu imemwisha. Mapendekezo yakamiminika, na lililoshinda ni sitt. Halina kasoro ya kisarufi, na kufanana kwake na satt kuna mantiki. Lakini halina kipande hata kimoja cha kufungua, halina mahali pa kungoja, na ukilisikia mara ya kwanza hutabasamu. Lilitangazwa na kuandikwa magazetini, na Wajerumani wakaendelea kusema kwamba hawana kiu tena.

Kiswahili nacho kina kushiba, na kwa upande wa kiu tunakata tu, hatuna neno la aliyekwisha kunywa akatosheka. Msomaji aliye na vipande vya kuliunda, aviunganishe. Asianzie kwenye baraza la lugha wala gazetini. Alitoe nyumbani, mtungi ukiwa mezani na watu wakipumua baada ya glasi ya pili, na awatazame nyuso.